Mbuzi Ameliwa, Mkono Je?

Kama hujawahi kumwona tajiri akipiga magoti kwenye ua wa nyumba ya matofali ya udongo, akimbembeleza mama wa mfanyakazi wake amruhusu binti yake kudai fidia, basi hukuwepo Nyakitonto siku ile. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mkekani karibu na mlango, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na la kusema. Wanaonijua watakubali kwamba hilo peke yake linatosha kuandikwa.

Naitwa Recho, nakaanga chapati mbele ya mashine ya alizeti ya Mzee Nurudini, hapa Kasulu mjini. Lakini habari hizi si zangu. Ni za Verediana, mwendesha mashine ile, mwanamke ambaye nimemfahamu tangu alipofika mjini na magunia yake mawili na binti mgongoni.

Verediana alizaliwa Nyakitonto, akaolewa Titye na mwanamume aliyeaga kwamba anakwenda kulima tumbaku Urambo, na mpaka leo bado analima. Alibaki na mtoto mmoja, Herieth, na kipande cha shamba alichokipanda alizeti. Siku alipoleta mbegu zake kukamuliwa, foleni ilikuwa ndefu mpaka kwenye meza yangu. Wengine walilala juu ya magunia. Yeye alishindwa kukaa bure. Alishika ufagio akaanza kufagia mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka, akayajaza kwenye viroba na kuvipanga ukutani kama anafanya usafi nyumbani kwake. Mzee Nurudini alisimama akamtazama, kisha akamwambia, "Mama, kesho urudi." Akarudi. Kutoka kwenye ufagio akahamia kumimina mbegu, kutoka kumimina mbegu akahamia kwenye mashine yenyewe. Ikafika mahali wakulima wakishuka na mizigo wanauliza kwanza, "Vere yupo?" Wakiambiwa katoka kidogo, wanaagiza chai kwangu na kusubiri. Nilimpenda kwa hilo, sikatai.

Mzee Nurudini naye si mtu mbaya. Babu yake alitoka pwani akatua Ujiji, na yeye akapanda huku milimani na biashara ya vitenge, mwisho akanunua mashine. Ni mtu wa kanzu safi, maneno matamu na haraka. Haraka ndiyo iliyomponza. Msimu wa alizeti ukipamba moto, mkanda wa mashine ulikuwa ukilegea kila wakati, na ili uukaze ni lazima ufungue kava, yaani bati linalofunika mkanda na magurudumu yanayouzungusha, bolti moja baada ya nyingine, huku wakulima wanapiga kelele. Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akalitoa kava, akaliegemeza ukutani, akasema litarudi msimu ukiisha.

"Mzee, hivi si salama," Verediana akamwambia. Nilisikia kwa masikio yangu.

"Mama Herieth, wewe ni mzoefu bwana," Mzee akajibu huku anacheka. "Mkanda wenyewe unakuogopa."

Hakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalonipandisha hasira mpaka leo. Mtu mwenye nia mbaya unajua namna ya kukaa naye mbali, lakini huyu mwenye nia njema anakuchekea, anakuita mzoefu, na wewe unaona haya kubisha.

Basi asubuhi moja ya baridi Verediana alikuwa amevaa sweta. Gunia likateleza, akanyoosha mkono kulizuia, na mkono wa sweta ukanaswa na mkanda. Nilisikia ukelele ambao sitaki kuuelezea. Mzee Nurudini aliruka kutoka ofisini akazima mashine, akambeba Verediana mwenyewe mpaka kwenye pikapu yake, damu ikachuruzika kwenye kanzu nyeupe. Nilipanda nyuma, nikaziacha chapati zangu jikoni zikaungua zote.

Hospitalini tulimkuta Daktari Nickson, kijana wa Mbeya, mpole, aliyekuwa na kawaida ya kurudia maswali. Alimuuliza Verediana, "Umeumia wapi, mama?"

Hapa nataka unisikilize vizuri. Kwetu huku, ukisema mbele ya mtu wa serikali kwamba umeumia kwa fulani, umemshitaki fulani. Hakuna anayekuuliza ulikuwa na maana gani. Verediana alimtazama Mzee Nurudini, aliyekuwa amesimama pale, kanzu imelowa damu, midomo inasoma dua. Alikuwa na maumivu ya kuzimia yule mwanamke, lakini adabu ikamtangulia. Akasema, "Shambani. Nilikuwa napasua kuni."

Daktari akauliza tena.

"Shambani, daktari."

Nilimwangalia Mzee Nurudini, na Mzee Nurudini akaangalia sakafu. Akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana nilidhani hayo ni yao wawili na mimi ni mkaanga chapati tu.

Verediana aliporuhusiwa, alikwenda kuuguzwa kwa mama yake, Bibi Esteri, kule Nyakitonto. Mzee Nurudini akamfuata huko na mbuzi dume mnene, mchele, sukari na doti ya khanga. Ukoo ukaitwa. Mbuzi akachinjwa na Mzee mwenyewe, akapikwa, wote wakala sinia moja. Katika ukoo ule, mkosaji akileta mnyama, na mkosewa akamla pamoja naye, neno limefungwa. Halitajwi tena, hata kwa utani. Bibi Esteri alinawa mikono akasema, "Yamekwisha." Wote wakaitikia.

Na Mzee hakuishia hapo. Aliendelea kumpelekea Verediana mshahara wake akiwa amekaa tu nyumbani. Mji mzima ukamsifu. Mimi pia nilimsifu, tena nilimpa chapati ya bure, na anayenijua anajua hiyo ni sifa kubwa.

Lakini mkono haukula mbuzi. Kidonda kilipona, vidole vikapona vibaya. Vilijikunja vyote kuelekea kiganjani, vikakaa hivyo, kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kukiachia. Verediana hakuweza kufunga khanga, hakuweza kumenya muhogo, hakuweza kumsuka binti yake. Daktari bingwa mmoja aliyekuja kwa kambi ya matibabu aliutazama akasema unaweza kufunguliwa kwa upasuaji katika hospitali kubwa Mwanza, na baada yake mazoezi marefu. Ila asikawie. Vikikaza kabisa, vitakuwa hivyo mpaka kaburini. Verediana alipoambiwa gharama yake, alicheka. Kisha nikamkuta siku moja uani, ameshika kijiti kwa mkono wa kushoto, anajifunza kuandika jina lake kwenye vumbi. Niligeuza uso nikalia.

Mzee Nurudini alisikia habari za upasuaji, akawa anazunguka ofisini akijiuliza auze nini. Mashine ndiyo iliyomlisha, akiiuza tutakula wapi sote? Basi tukabaki hivyo. Yeye anaona haya, Verediana anaona haya, na vidole vinakaza.

Kisha ikaja siku ya mkutano.

Waajiri wa mjini waliitwa ukumbini, kuna ofisa wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi anataka kuzungumza nao. Mzee Nurudini aliondoka akinung'unika kwamba ni kodi nyingine hiyo, na alisema wazi kwamba atakaa karibu na mlango. Nikaendelea na unga wangu. Jua lilikuwa bado halijapanda sana nilipomwona anarudi. Alikuwa anakimbia! Mzee wa miaka ile, kanzu ameikunja mpaka magotini, kofia mkononi, watu wanampisha njiani wakidhani kuna moto.

"Recho! Recho! Vere yuko wapi?"

"Si yuko kwa mama yake. Kuna nini, Mzee? Kaa kwanza."

"Sikai! Tumelipia, Recho! Wallahi tumelipia!"

Nikamvuta kwenye benchi kwa nguvu, nikampa maji, ndipo maneno yakaanza kupangika. Kumbe mwajiri anauchangia Mfuko ule kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mzee alikuwa akichangia miaka yote, kila mwezi, huku anautukana, akidhani ni kodi kama kodi nyingine. Kumbe kazi yake ni hiyo hasa: mfanyakazi akiumia kazini, Mfuko unagharamia matibabu, unamlipa wakati hawezi kufanya kazi, na akibaki na ulemavu unamfidia. Na anayetakiwa kutoa taarifa ya ajali ni nani? Mwajiri!

"Mimi!" Mzee akajipiga kifuani. "Mimi niliyekaa kimya! Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima, kumbe nimemfungia mtu mlango kwa mkono wangu."

"Na lile kava?" nikamuuliza. Siwezi kujizuia, mdomo wangu ndivyo ulivyo.

Akashusha sauti. Alisema amemuuliza ofisa mbele ya matajiri wenzake wote: je, kosa likiwa la mwajiri? Akajibiwa kwamba fidia haianzi kwa kutafuta mkosaji, inaanza kwa kujua kama mtu aliumia akiwa kazini. Kuhusu mashine kuwa wazi, watu wa usalama wa mahali pa kazi watauliza, na yeye atajibu. Akaambiwa pia kwamba taarifa ilipaswa kutolewa mapema, amechelewa, na sheria ina kikomo chake, kwa hiyo asingoje hata wiki.

"Nitajibu," Mzee akasema. "Wakinipiga faini nitalipa. Twende Nyakitonto."

"Na hospitali je? Si aliandikisha kuni? Shambani?"

Uso ukamshuka. Alikuwa amelisahau hilo kabisa. Akakaa kidogo akishika tama, kisha akainuka tena na moto uleule. "Moja moja, Recho. Twende kwanza kwa mama yake. Na wewe unakuja, maana nikienda peke yangu wataniona nimekuja na ujanja."

Nilizima jiko. Nani angebaki?

Tulimkuta Bibi Esteri anaanua maharage. "Mwakeye," nikamsalimu, akaitikia kwa furaha, mpaka aliposikia kilichotuleta. Furaha ikamtoka. Akatuma aitwe mdogo wake, Tharsisi, aliyekula mbuzi yule kuliko mtu yeyote. Verediana akatoka ndani akakaa pembeni, mkono wake ameuficha chini ya khanga.

Mzee Nurudini akaeleza. Alieleza haraka mno, Mfuko, taarifa, daktari, Mwanza, mikono inapaa hewani. Bibi Esteri akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tajiri," akasema, "ulileta mbuzi, tumekula. Mikono tumenawa. Leo unataka binti yangu asimame mbele ya serikali aseme aliyetulisha ndiye aliyemuumiza? Sisi tutaonekana watu gani?"

"Mama, sitaki anishitaki. Nataka tudai pamoja, mimi na yeye."

"Mnamdai nani?"

"Mfuko, mama. Nimeuchangia kwa ajili yake."

Tharsisi akakuna kichwa. "Kwa hiyo tajiri anajidai mwenyewe?"

"Hapana, mjomba," nikadakia. "Ni kama kufa na kuzikana. Wote mnachanga, mwenye msiba anapata."

"Eego," akasema Tharsisi, "hapo nimeelewa. Lakini neno limefungwa kwa mbuzi. Kulifungua, labda..." Akaangalia juu kwa utulivu. "Labda mbuzi mwingine."

"Tharsisi, funga mdomo!" Bibi Esteri akamkemea, na mimi nikabana kicheko kwenye kitenge. Kisha yule mama akamgeukia Mzee Nurudini, na kicheko changu kikaisha chenyewe. "Siku ile ulisimama hapa ukasema mbuzi huyu ni pole kwa bahati mbaya. Nakuuliza tajiri. Ilikuwa bahati mbaya?"

Kuku wakaendelea kuchakura. Mzee Nurudini angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angembishia, hata Verediana, maana Verediana alikuwa ameshachagua kunyamaza tangu pale hospitalini. Angepanda pikapu yake akarudi mjini na sifa zake zote.

Ndipo akapiga magoti. Kwenye maganda ya maharage, na kanzu yake nyeupe.

"Haikuwa bahati mbaya, mama. Bati la kuziba mkanda nililitoa mimi. Yeye alinionya nikamcheka. Mbuzi wangu hakutosha. Nilimleta ili na mimi nilale usingizi."

Mjomba Tharsisi akavua kofia, sijui kwa nini. Verediana alikuwa analia bila sauti. Bibi Esteri alimtazama yule mzee aliyepiga magoti, na nikaogopa kwamba sasa ndiyo ameharibu, sasa atafukuzwa.

"Mawe!" akashangaa mwishowe kwa Kiha. "Kumbe tulifunga kitu ambacho hatukukiona. Basi hakijafungwa. Inuka, tajiri. Veredi, vaa viatu."

Nilipiga kigelegele! Najua hakikuwa na mahali pake, lakini kilinitoka, na majirani wakaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Ikabaki hospitali. Daktari Nickson alikuwa ameshahamishiwa Kibondo, na Mzee alisema hatungoji simu wala nini, daktari ndiye aliyeutibu mkono ule, na yeye ndiye atakayeueleza. Kesho yake tukaondoka, sisi watatu tumebanana mbele kwenye pikapu, mimi katikati. Mzee aliendesha kwa kasi mpaka Verediana akapiga kelele tulipopita Makere. "Mzee, haraka ndiyo iliyotufikisha hapa!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimfokea bosi wake. Mzee akapunguza mwendo, akaomba radhi, na nikaona anatabasamu.

Njia nzima walibishana nani aseme kwanza. Mzee alitaka kusema yeye, kwa kuwa kosa ni lake. Verediana alisema uongo ni wake. Mzee akasema uongo ule ni wa wote wawili, maana yeye aliunyamazia. Nikawaambia kwamba mimi nilisikia pia nikanyamaza, kwa hiyo tugawane sawa na waniache nilale. Ukweli ni kwamba Verediana aliogopa. Aliponiegemea nilisikia moyo wake unavyokwenda. Alifikiri daktari atakasirika, atamwambia umenidanganya, ondoka, na mkono ubaki ulivyo.

Tulimkuta Daktari Nickson anamaliza wagonjwa. Alimtambua Verediana kabla hajakaa. Akaushika ule mkono, akaugeuza polepole, akajaribu kukinyoosha kidole kimoja, na uso wake ukaonyesha alichokiona. Mzee Nurudini hakuweza kusubiri.

"Daktari, mimi ndiye mwajiri wake. Siku ile aliumia kwangu, kwenye mashine..."

Daktari akainua kiganja. "Samahani, Mzee wangu. Mgonjwa ni mama huyu. Nataka anieleze yeye." Akamgeukia. "Mama, umeumia wapi?"

Swali lilelile. Verediana akamtazama Mzee Nurudini kama alivyomtazama siku ile, na nikaona ile adabu yetu inampanda kooni. Nusura nipige kelele. Mzee naye hakuangalia sakafu. Alimwangalia usoni, akamwashiria kwa kichwa, sema.

"Kazini," Verediana akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Kisha ikakua. "Niliumia kazini, daktari! Kwenye mkanda wa mashine ya alizeti. Kava lilikuwa limetolewa, nilimwambia bosi mara mbili likarudishwe, akacheka. Mkanda ulinikamata sweta. Niliona vidole vyangu vinaingia. Sikukata kuni mimi! Sijashika shoka tangu nimehamia mjini, natumia mkaa!"

Maneno yalimtoka kwa kasi, mengine kwa Kiha, na machozi pamoja nayo, na hakuacha mpaka yalipoisha. Mzee Nurudini alisimama anasikiliza kila neno. "Ni kweli tupu," akasema.

Daktari Nickson akakaa kwenye kiti chake, akafuta miwani. "Mama, kwenye jeraha lako nilitoa kipande cha mpira mweusi, na mkono wako ulikuwa umejaa grisi. Nilijiuliza sana hizo kuni za shambani ni za namna gani."

Mawe! Tulicheka mpaka nesi akachungulia. Verediana alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kwa sababu hofu yote ile ya safari ilikuwa imetafuta mahali pa kutokea. Daktari alitueleza kwamba aliyoyaandika siku ile hatayafuta, kwa sababu ndiyo aliyoambiwa. Ila ataandika taarifa mpya, aseme alichokiona kwenye jeraha, aseme mgonjwa na mwajiri wamefika pamoja kusahihisha, na kwa nini. "Wengi huja mmoja mmoja," alisema, "kila mmoja na maneno yake. Nyie mmenirahisishia."

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yakawa mteremko. Mfuko uliuliza maswali, na uliuliza tena, hasa kuhusu kuchelewa na zile kuni. Mzee aliyajibu yote bila kujificha, na kila swali lilipokuja alimpigia Verediana kwanza wakubaliane walivyokumbuka. Wakaguzi wa usalama walifika, wakaisimamisha mashine mpaka ifunikwe, katikati ya msimu, na wakulima wakakunja nyuso. Wenye mashine wengine walimwambia Mzee amejitia kitanzi kwa mdomo wake. Mama mmoja wa Titye aliniambia Verediana hana shukrani. Nilimjibu, na majibu yangu hayaandikiki.

Halafu simu ikaja. Madai yamekubaliwa! Mzee Nurudini alikuwa kwenye benchi langu akinywa chai, akaimwaga yote. Verediana alisafirishwa Mwanza, akapasuliwa, akakaa huko, akarudi na mkono umefungwa na karatasi ya mazoezi ya kila siku. Alifanya mazoezi yale akiuma meno, Bibi Esteri akimhesabia kwa sauti kama mwalimu wa mchakamchaka.

Alirudi kazini alizeti mpya ilipoanza kuingia mjini. Tulijaa pale, wakulima, wapakizi, mimi na wateja wangu wote. Alisimama mbele ya mashine, akainua mkono wa kulia ili tuuone. Akaufungua. Kidole gumba, cha kati, cha pete, cha mwisho, vyote vikanyooka. Watu wakapiga makofi. Cha shahada hakikunyooka. Kilibaki kimejikunja, na madaktari walishasema hicho hakitarudi, na Mfuko ulishakihesabu katika ulemavu wake.

Mzee Nurudini alikiona. Ndicho kidole anachokiinua yeye katika kila swala. Makofi yalikuwa bado yanaendelea alipoinamisha kichwa, machozi yakamdondoka mbele ya wateja wake wote.

"Hicho, Vere," akasema. "Hicho nitakulipa na nini?"

Verediana hakumwambia usijali. Nilitegemea aseme hivyo, ndivyo tulivyofundishwa sote.

"Mkono wamenilipa, Mzee," akasema. "Hicho kilichobaki moyoni mwako ni chako. Mara ya kwanza nilikubebea pale hospitalini. Sasa kibebe mwenyewe."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Mzee akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa kofia. Verediana akazunguka mashine akiikagua, akawasha, na wakulima wakaanza kushusha magunia.